Kalunguyeye na Chatu wa Upande wa Pili

Paukwa!

— Pakawa!

Mbona mnaitika kama wagonjwa? Paukwa!

— Pakawa!

Palikuwa na mlima.

— Tumeuona.

Na ndani ya mlima palikuwa na pango.

— Tumeingia.

Mmeingia? Basi tokeni upesi, mwenye pango yumo.

Mlima huo uliitwa Ngurumbi. Chini yake kulikuwa na mbuga pana, na mbuga hiyo haikuwa na mto wala bwawa. Masika yakiisha, wanyama walikunywa ukungu. Msicheke, ndivyo ilivyokuwa. Ukungu wa nchi ile ulilala ndani ya pango la mlimani kama mbuzi wanavyolala zizini. Alfajiri ulitoka, fuuuu, ukateremka mbugani, ukapita juu ya majani yote, na kila jani likabaki na umande wake. Wanyama waliamka wakalamba umande mpaka kiu ikaisha. Jua likipanda, ukungu ulirudi pangoni ukalala. Wakubwa kwa wadogo waliishi hivyo, na hakuna aliyeona ajabu.

Kisha akaja Chatu.

Alipokuja alikuwa chatu wa kawaida tu, urefu wake kama kamba ya kufungia ng'ombe. Aliingia pangoni kutafuta ubaridi. Akapiga miayo, ukungu ukamwingia mdomoni. Akaumeza, akaona mtamu. Akavuta tena, fyuuuu, akarefuka kidogo. Kesho yake akavuta tena, fyuuuu, akarefuka tena. Pango lile lilikuwa jembamba, tena lenye kona nyingi kama utumbo wa mbuzi, kwa hiyo Chatu hakuweza kugeuka. Alirefuka tu, akaenda na kona, kona hii na kona ile. Mwisho wake kichwa kikawa kwenye mlango wa mashariki, ule unaotazama mbuga. Mkia je? Mkia yeye mwenyewe hakujua uko wapi. Mara ya mwisho kuuona alikuwa mtoto. Alikuwa ameshausahau.

Basi ukungu mwingine ukawa tumboni mwa Chatu, na mwingine ukazibwa mle ndani na mwili wake, hauna pa kutokea. Mbuga ikakauka. Majani yakawa yanalia chakacha-chakacha ukiyakanyaga. Wanyama wakapanda mlimani kumwomba.

"Ukungu mtapata," alisema Chatu. "Lakini na mimi nina njaa. Kila nyumba iniletee chakula kwa zamu. Nikishiba, nitawapulizia."

Wakaleta mayai. Chatu akameza, akapuliza, puuu, kiukungu cha kulowesha majani machache. Wakaleta makinda. Akameza, akapuliza, puu, kidogo kuliko jana. Wakaleta watoto wa swala. Akameza, akapuliza, pu, na hapo hata jani moja halikulowa vizuri.

Nyati akakasirika. Alipanda mlima na pembe zake akisema anakwenda kumtoa huyo mdudu pangoni. Chatu akatoa shingo nje, akamviringisha, akambana, akammeza na pembe zake. Siku ile hakupuliza kabisa. Alisema ameshiba mno hata pumzi haitoki.

Baada ya hapo hakuna aliyepanda kugombana.

Katika mbuga hiyo aliishi Kalunguyeye. Mnamfahamu kalunguyeye: mnyama mdogo anayeenea kiganjani, mgongo wote miiba, na akiogopa hujikunja akawa mpira. Alikuwa mama wa watoto watatu. Baba yao aliondoka kiangazi kilipoanza, akasema anakwenda kutafuta maji, na mpaka leo anatafuta.

Asubuhi moja Kanga alikuja mbio mpaka mlangoni pake. Kanga ndiye aliyekuwa tarishi wa Chatu. Kazi hiyo hakuiomba. Chatu aliona ana mbio, akamwambia achague, atapeleka habari au ataingia tumboni.

"Shoga, hujambo?" alisema Kanga.

"Sijambo. Mbona unahema hivyo?"

"Kesho ni zamu yako."

"Mimi hanitaki," alisema Kalunguyeye. "Alishanionja siku moja akanitema."

"Hakutaki wewe. Anataka watoto."

"Yupi?"

"Wote. Amesema mmoja ni mdogo mno, hafiki hata kooni. Na amesema miiba yao bado laini." Kanga akainamisha kichwa. "Usinichukie, shoga. Mayai yangu ndiyo yalitangulia."

"Sikuchukii. Nakushangaa tu."

Kanga akaondoka akitembea, na kutembea hakukuwa kawaida yake.

Watoto walikuwa nyuma ya nyumba wanalamba jiwe, kwa sababu jiwe lina ubaridi. Yule mdogo akauliza, "Mama, ukungu unakuja lini?"

"Nakwenda kuuangalia," alisema mama yao.

Akawaingiza shimoni, akaziba mlango kwa majani, akawaambia wasitoke mpaka wasikie sauti yake. Kisha akaanza kupanda mlima, tipu tipu, tipu tipu, kwa vile viguu vyake. Hakuwa na mpango wowote. Alitaka tu kuliona pango lenyewe, aone kama kuna tundu la kupenyea. Lakini kila alivyokaribia, ndivyo alivyozidi kuogopa kupita mbele ya kile kichwa. Kwa hiyo akaiacha njia kubwa, akashika kinjia cha mkato kinachopita begani mwa mlima, akatokea upande wa magharibi, ambako wanyama wa mbugani hawaendi.

Huko alikuta mlango mwingine. Na nje ya mlango, juani, amelala chatu.

Kalunguyeye akajikunja palepale akawa mpira. Sasa, pale alipojikunja palikuwa mteremko. Mpira ukaanza kubiringika, guru guru guru guru, ukaenda moja kwa moja mpaka kwenye ule mwili, na miiba yote ikazama: chwi!

Akangoja kumezwa. Hakumezwa. Chatu yule alilala vilevile, hakujitikisa. Muda ukapita, mtu angeweza kumenya ndizi, akaila, akatupa ganda. Ndipo sauti ikanguruma kutoka mbali, mlima mzima katikati:

"Nani huyo?"

Palepale ule mwili ukaruka, shwaaa, ukamrusha Kalunguyeye kichakani.

Alikaa kichakani akitazama. Akatazama ncha moja ya yule chatu. Haikuwa na macho. Haikuwa na mdomo. Ncha nyingine iliingia pangoni ikapotea. Akachungulia vizuri tena, kisha akatoka taratibu, akasogea, akauchoma kidogo makusudi, akarudi kichakani mbio. Ndizi ikamenywa, ikaliwa, ganda likatupwa. Sauti ikasema mbali kule, "Nimeuliza, nani huyo?" Na mkia ukaruka.

"Kumbe hajui," alisema Kalunguyeye peke yake.

Alirudi nyumbani polepole, akifikiri njia nzima.

Asubuhi ilipofika, Chatu alikuwa ameweka kidevu juu ya jiwe la mlangoni, anangoja chakula. Kanga amesimama pembeni kama kawaida. Kalunguyeye akaja peke yake.

"Watoto wako wapi?" aliuliza Chatu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Watoto wako wapi?"

"Nilikuwa nawaleta, mzee. Nikapita nyuma ya mlima kukwepa jua, basi mwenzako akawachukua."

"Mwenzangu yupi?"

"Huyo wa upande wa pili."

"Mimi sina mwenzangu."

"Naye kasema hivyohivyo. Kasema mlima huu una chatu mmoja tu, ndiye yeye, na huku mbele kuna mjusi mmoja anajisumbua."

Chatu akainua kidevu kutoka jiweni. Kanga akamtazama Kalunguyeye, kisha akatazama chini haraka.

"Anafananaje?" aliuliza Chatu.

"Madoa yenu ni yale yale. Ngozi yenu ni ile ile. Unene..." Kalunguyeye akasita.

"Unene vipi?"

"Mzee, mimi sitaki kuleta ugomvi. Mimi ni mdogo, kwangu kila kitu ni kinene."

Chatu akapumua kwa nguvu, kokoto za mlangoni zikatawanyika. "Nenda ukamwambie mwenye mlima amesema aondoke. Aondoke leo. Asipoondoka nitammeza."

"Nitamwambia, mzee."

Akaondoka, tipu tipu, tipu tipu, akashika kinjia cha begani, na njiani akaimba. Haya, itikieni: zunguka.

Nimetumwa kule — zunguka!
Nirudi tena huku — zunguka!
Wa huku ni mkali — zunguka!
Wa kule ni mkali — zunguka!
Mimi katikati — zunguka!

Akafika kwenye mkia. Akageuka, akarudi kinyumenyume, akauchoma: chwi! Akakimbia zake. Alikuwa ameshafika mbali kidogo aliposikia mngurumo ndani ya mlima, na nyuma yake mkia ukichapa vichaka, shwaaa, shwaaa.

Aliporudi mlangoni alimkuta Chatu anapinda shingo huku na huku.

"Amesema nini?"

"Hakusema neno, mzee. Alikasirika tu, akauma. Hukusikia kitu?"

"Nimesikia kitu kinaniuma. Lakini mbali. Huko nyuma kabisa."

"Basi ndiye yeye. Si mmelala pango moja?"

Chatu akafikiri. Alikuwa mkubwa sana, na kufikiri kwake nako kulichukua muda. "Nenda tena," akasema. "Mwambie akinigusa tena nitamponda mifupa."

Akaenda tena, tipu tipu, tipu tipu. Haya.

Nimetumwa kule — zunguka!
Nirudi tena huku — zunguka!
Wa huku ni mkali — zunguka!
Wa kule ni mkali — zunguka!
Mimi katikati — zunguka!

Safari hii aliuchoma mkia mara mbili, chwi, chwi, moja ya Chatu na moja kwa ajili ya mtoto wake anayelamba jiwe. Aliporudi, kokoto zote za mlangoni zilikuwa zimepeperushwa mpaka bondeni, na Kanga amejibanza nyuma ya mti.

"Huyo anakula nini," alisema Chatu, "mpaka awe na nguvu hivyo?"

"Anakunywa ukungu tu, mzee."

"Ukungu upi? Ukungu wote ninao mimi."

"Huo wako ni wa upande huu. Wa upande wake ni mzito kama maziwa ya mgando. Wala havuti kwa shida kama wewe. Yeye amelala tu, hana habari."

Chatu akameza mate. Yalisikika yakiteremka, gubu gubu gubu, kona hii mpaka kona ile. Kisha akamtazama Kalunguyeye kwa jicho moja. Jicho la chatu halina kope. Likikutazama, limekutazama.

"Kuna jambo sijalielewa," alisema taratibu. "Ukiwa hapa siumwi. Ukiondoka naumwa."

Kalunguyeye alihisi miiba ikimsimama. "Ndiyo, mzee, kwa sababu mimi ndiye ninayempelekea maneno yako. Akiyasikia ndipo anapokasirika."

"Labda," alisema Chatu. "Sasa huendi tena. Kaa hapa, mbele ya jicho langu. Kivuli cha jiwe hili kikifika miguuni pako na mimi sijaumwa, nitajua anayeuma ni nani. Na miiba yako nitaivumilia."

Kalunguyeye akakaa.

Kivuli kilikuwa hatua chache kutoka alipokaa. Alitazama pale nyuma ya mti. Kanga hayupo. Amekimbia, alijisemea moyoni, na nani atamlaumu. Aliwaza watoto wake mle shimoni. Aliwaambia wasitoke mpaka wasikie sauti yake, nao ni watoto wanaosikia wakiambiwa, na sasa jambo hilo lilimtia hofu kuliko jicho la Chatu. Watangoja. Watangoja mpaka lini?

Kivuli kikasogea. Kidogo, tena kidogo. Nzi mmoja alikuja akatua juu ya pua ya Chatu, akatembea, akaruka. Kivuli kikagusa ncha ya ukucha wa Kalunguyeye.

"Haya," alisema Chatu, akafungua mdomo.

Mdomo ukabaki wazi hivyohivyo. Shingo ikajikunja, kichwa kikagonga paa la pango, du!

"Ananiuma," alisema Chatu. "Ananiuma huyo. Sasa hivi. Ananiuma hapa, na hapa, na hapa tena. Leo ana midomo mingapi?"

"Pole, mzee," alisema Kalunguyeye. Kwa mara ya kwanza siku ile, na yeye hakujua anayeuma ni nani.

"Nakwenda," alisema Chatu. "Nakwenda kummeza, kisha ninywe na huo ukungu wake wa mgando."

Kalunguyeye akainuka. Palepale akaona nafasi yake, akaitumia. "Usiende, mzee, nakuomba. Kaa hapahapa kwako. Mimi nitakuwa nakuletea ukungu wake kidogo kidogo kwenye jani. Yule si wa kuchezea."

Hakuna neno lililomuudhi Chatu kama hilo. Akaanza kutoka.

"Basi, mzee, kama ni lazima, nikwambie kitu kimoja," alisema Kalunguyeye. "Yule ukimwuma na yeye atakuuma. Utakapouma kwa nguvu, naye atauma kwa nguvu ile ile."

"Nifanyeje?"

"Usimwachie. Atakayeachia wa kwanza ndiye mjusi."

"Mimi siachii," alisema Chatu.

Akatoka. Kilitoka kichwa, ikatoka shingo, ukatoka mwili, ukatoka mwili, ukatoka mwili. Miti ya mlangoni ikalala. Kalunguyeye alipanda juu ya jiwe refu, akatazama mwili ukipita chini yake kama mto wa madoa. Kichwa kilikwenda kwa njia ya kaskazini kuuzunguka mlima, kikapotea nyuma ya miamba, na mwili bado unatoka. Srrrrrr. Srrrrrr.

Kanga akaja mbio, ulimi nje. Mdomo wake ulikuwa na vipande vya magamba.

"Shoga," alisema Kalunguyeye, "ni wewe?"

"Nilikuona jana ulivyopita kile kinjia, nikakufuata mpaka kwenye mkia," alisema Kanga. "Ulipowekwa chini leo, nikajua hakuna wa kwenda. Nimedonoa mpaka shingo inauma. Kodo kodo kodo." Akavuta pumzi. "Mayai yangu ndiyo yalitangulia."

Wakakaa pamoja juu ya jiwe.

Kichwa cha Chatu kilifika upande wa magharibi. Hapo mkia ulikuwa umeshavutwa ndani na mwili uliotangulia, na mlango ulikuwa mtupu. Chatu akanusa. Akasikia harufu ya chatu, nzito kabisa, ya chatu aliyekaa hapo muda mrefu. Sauti yake ilifika mpaka kule jiweni: "Amekimbia. Amesikia nakuja, amepita ndani. Anakwenda kukaa kwangu."

Basi hakurudi alikotoka. Aliendelea kuzunguka kwa njia ya kusini, mbio sana sasa, miamba inabomoka, vumbi linapanda, ili awahi mlangoni kwake kabla mgeni hajakaa. Na alipotokeza upande wa mashariki, akamwona kwa macho yake. Kitu kirefu, kinene, chenye madoa, kinatoka taratibu katika mlango wake kana kwamba ndiye mwenyeji.

"Huyo," alisema Chatu.

Akaruka, akakidaka: kwapu!

Ndizi ikamenywa. Ikaliwa. Ganda likatupwa.

Maumivu yakafika. Yalikuja yamezunguka mlima mzima, na yalikuwa makali kama meno yake mwenyewe. Macho ya Chatu yakatoka. Lakini alikumbuka aliloambiwa. Akauma zaidi. Ndizi ikamenywa, na yeye akaumwa zaidi. Akauma zaidi tena. Akaanza kumeza. Meno ya chatu yameelekea nyuma, kinachoingia kinaingia tu, hata yeye akitaka kukirudisha hawezi. Na kwa kweli hakutaka. Alimeza mkia, akameza kilichofuata mkia, na kila alichomeza kilikuwa kitamu, kwa sababu kilikuwa kimejaa ukungu wa miaka yote ile.

Sasa tazameni. Chatu ameuzunguka mlima, mdomo umeshika mkia, na kila akimeza, anafupika. Akifupika, anaubana mlima. Akaubana kama mshipi unavyobana kiuno. Mlima ukalia, kiiii. Mle ndani ulimokuwa umezibwa ukungu, ukungu ukakosa nafasi. Ukatoka kwa mlango wa mashariki, fuuuuuuu. Ukatoka kwa mlango wa magharibi, fuuuuuuu. Kalunguyeye na Kanga wakarushwa kutoka jiweni, wakaangukia majani, na majani yalikuwa mabichi.

Chatu hakuona. Alikuwa anameza. Alimeza akafupika, na kwa kuwa mlima ni mpana chini na mwembamba juu, kila akifupika alipanda. Akapita usawa wa pango. Akapita miti ya mwisho. Akafika kileleni, akameza pande moja lingine, na kilele kikamponyoka, pwaa, kama pete inavyoponyoka kwenye kidole chenye mafuta. Chatu akasimama wima kama gurudumu. Akayumba kidogo. Akaelekea upande wenye mteremko.

Guru guru guru guru guru guru.

Alipita mbugani, wanyama wakampisha. Alivuka mbuga, akavuka nchi inayofuata, na wenyeji wa kule wanasema waliona kitu cha duara kinapita, lakini hawakukielewa, nao walikuwa na kazi zao. Alikwenda wapi baada ya hapo, mimi sikufuata.

Kalunguyeye hakungoja kuona gurudumu linafika wapi. Alikuwa anateremka mlima, tipu tipu tipu tipu, ukungu umemtangulia, haoni hata pua yake. Njiani alisikia wanyama wakilamba, lapu lapu lapu, kila upande, hakuna anayezungumza. Alimpita Twiga akilamba mti. Alipita mahali alipolala mwana wa Nyati siku zote akimngoja baba yake, akamkuta amesimama, umande unamdondoka puani, analamba na huku analia. Kalunguyeye alisimama hapo kidogo. Akaendelea.

Alipofika shimoni alikuta majani ya mlangoni yako vilevile. Akayaondoa.

"Ni mimi," akasema.

Watoto wakatoka mmoja mmoja. Yule mdogo alitoa pua kwanza, tone likaangukia juu yake, akarudi ndani kwa woga. Hakuwa analikumbuka tena tone. Ikabidi wakubwa wake wamvute kwa nguvu.

"Ulikuwa wapi siku nzima?" waliuliza.

"Nilitumwa," alisema Kalunguyeye. "Lambeni kabla umande haujakauka."

Jioni Kanga alikuja kukaa. Hakuwa na pa kuharakia tena, wala hakuwa na habari ya kumpelekea mtu. Akakaa tu mlangoni, akatazama watoto wanavyolamba majani, na baada ya muda akaanza kukwaruza chini, akitafuta mahali pazuri pa kutagia.

Wanakijiji wa hadithi, mmechoka?

— Hatujachoka.

Mimi nimechoka. Basi chukueni funzo lenu mkalale. Funzo la hadithi hii ni kwamba mtoto akiitwa na mkubwa aende moja kwa moja, asipite njia za pembeni. Akitumwa neno alifikishe kama lilivyo, asiongeze lake. Na mkubwa akisema jambo, ndilo hilo, maana mkubwa anajua mwanzo na mwisho wa mambo yake yote.

— Lakini Kalunguyeye alipita pembeni!

Nani kauliza habari za Kalunguyeye? Nimewapa funzo. Hadithi nimeiweka hapo chini. Atakayeona havifanani, achukue kimoja, kingine aniachie.